Haluli Kwenye Uji wa Muthama

Nzilani alijua tumbo la mumewe limefunga kabla mwenye tumbo hajakubali. Mke hangoji kuambiwa. Choo chao cha shimo kilikuwa nyuma ya ghala, mlango wake wa bati ulilia kila ulipoguswa, na mtu aliyekaa jikoni akichagua maharagwe aliusikia ukifunguliwa na ukifungwa. Zamani Muthama aliingia na kutoka kabla maji ya chai hayajachemka. Mwaka huo wa 1987 chai ilichemka, ikaepuliwa, ikamiminwa kikombeni, ikapoa mpaka ikashika ngozi ya maziwa juu, na mlango bado haujalia mara ya pili.

Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyejaribu kusukuma jiwe likakataa. Alikaa kwenye kiti chake, akanywa ile chai baridi, asiseme kitu. Nzilani naye hakusema. Huko kwao Kalamba mume na mke wanaweza kuzungumza juu ya mvua, mifugo, watoto, hata kifo, lakini mambo ya choo cha mwanamume mke hayagusi. Siku chache kabla hajaolewa, mama yake alimwambia kwamba katika kila boma kuna mlango mmoja ambao mke haulizi nyuma yake kunafanyika nini. Nzilani alilishika neno hilo miaka thelathini na moja, kama alivyoshika mengine yote aliyofundishwa.

Muthama hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa amefanya kazi ya reli huko Makindu miaka ishirini na sita, na mwisho wake alikuwa nyapara wa gangi, akisimamia watu kumi na wanane wa kunyanyua vyuma. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, akakaa siku mbili, akarudi. Watu walisema akiita mtu wake jina, aliyeitwa husikia, na treni iliyo stesheni ya mbele nayo husimama. Alipostaafu mwaka wa themanini na tano na kuja kukaa nyumbani moja kwa moja, kanisa lilimfanya mzee kabla hajamaliza kupanga masanduku yake. Walitaka ile sauti isome matangazo.

Lakini sauti ilianza kupungua. Haikukauka kwa mafua wala kwa kikohozi. Ilishuka tu, kidogo kidogo, kama maji ya kisima cha mchanga mwezi wa tisa. Na sahani nayo. Nzilani alimpikia muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, na njahi, kunde nyeusi alizozipenda tangu utoto. Muthama akala vijiko vitano, akaweka kijiko chini. Alipoulizwa kama kuna kasoro alijibu kwa upole kwamba chakula ni kizuri, ni yeye tu ameshiba. Mtu aliyetoka kulima tangu asubuhi, ameshiba kwa vijiko vitano.

Siku moja maharagwe yaliungua vibaya hata jirani akaja kuuliza kama kuna nyumba inashika moto. Muthama alikuwa amekaa hatua tatu kutoka jikoni. Aliletewa yale maharagwe kwa aibu, akayala polepole, akasema asante. Nzilani alidhani mumewe anamhurumia, na jioni hiyo alimshukuru Mungu kwa kumpa mume asiye na maneno. Hakujua kwamba Muthama hakusikia ule moshi kabisa.

Basi Nzilani alipiga magoti juu ya jambo la choo wiki mbili. Katika kuomba kwake akaona njia. Alikwenda dukani, akanunua haluli, ile chumvi nyeupe ya kuendesha tumbo, ikafungwa katika kipande cha gazeti. Asubuhi alikoroga kijiko kimoja katika uji wa wimbi uliochacha. Alionja kwanza mwenyewe, akatetemeka mwili mzima kwa ule uchungu. Alifikiri Muthama atatema na kuuliza, na yeye alikuwa ameshatayarisha jibu. Muthama aliunywa wote, akapangusa mdomo, akaenda kuangalia mbuzi.

Siku ya tatu mlango wa bati ulilia, na kabla maji hayajachemka ukalia tena. Nzilani alikaa juu ya kigoda akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo alimtilia haluli mara mbili kwa wiki, bila kumwambia, ili asimvunjie heshima. Ikawa siri yake na Mungu. Ile karatasi aliichomeka juu, kati ya kuni za akiba na paa la jikoni, na hapo ndipo alipokosea.

Mwezi wa nane alikuja dada yake Muthama kutoka Zombe, upande wa Kitui. Jina lake Syombua, mjane, mwuza ndengu na mbaazi, mwanamke wa kimo kirefu aliyezoea kupimia watu kwa kopo bila kudanganywa. Alimbeba Muthama mgongoni akiwa mtoto, na hakuwahi kumshusha. Alipofika mahali popote alitaka kwanza kujua ndugu yake amekula nini.

Alichokiona kilimtisha. Ndugu yake aliyekuwa akiunguruma sasa ananong'ona. Uso umetulia hauchezi, husemi amefurahi wala amekasirika. Nzilani akimwambia mbuzi wameingia shambani, anasema haya. Akimwambia kuna mkutano wa wazazi, anasema haya. Syombua alimfanyia mzaha wa zamani, akamwuliza kama siku hizi ndiye anayevaa leso na mkewe anavaa kofia. Muthama alimtazama bila kucheka. Na sahani ya ugali imebaki nusu.

Kwa Syombua hapakuwa na fumbo hapo. Kila mwanamke wa Ukambani amewahi kusikia habari za mume aliyelishwa. Mke humtilia mume kitu katika chakula ili ampoze, awe wa kusema ndiyo. Na kile kitu, wanasema, hukaa tumboni kikalizuia, mtu akawa anashiba kabla hajala, akapungua mwili na sauti. Dalili zote alizokuwa amesikia Syombua zilikuwa zimekaa mbele yake kwenye kiti cha ndugu yake.

Asubuhi ya siku ya nne aliamka mapema, akasimama mlangoni mwa jikoni, akamwona mke wa ndugu yake akinyoosha mkono juu darini, akishusha karatasi, akitia kijiko cha unga mweupe katika kibuyu cha uji wa Muthama peke yake, na kukikoroga akiangalia nyuma.

Jumamosi hiyo mchana walikaa watu wanane chini ya kivuli cha nyumba. Pasta Jonah, aliyeitwa na Syombua, alikuja na wazee wawili wa kanisa, na wa ukoo wakaja wawili. Karatasi ya haluli iliwekwa juu ya meza kama kitu kilichouawa. Pasta Jonah alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mtu mwema, na kesi ya aina hii hakuifundishwa. Alifungua kwa maombi marefu kuliko kawaida. Kisha akamgeukia Nzilani, akamwuliza kama ni kweli alitia kitu katika uji wa mume wake pasipo yeye kujua.

Nzilani hakuwa amesema uongo tangu abatizwe, na hakuona sababu ya kuanza siku hiyo.

"Ndiyo, nilitia," alisema. "Ni haluli. Baba Mutunga amefunga choo, na mimi nilimwonea haya kumwuliza."

Mzee mmoja alikohoa akaangalia kuku. Pasta Jonah, shingo yake imelowa jasho, alimgeukia Muthama. Ilibidi aulizwe. Kama tumbo la Muthama lina shida, basi haluli ni dawa, na mambo yameisha, watu wanywe chai. Kama halina shida, basi ile haluli ni ya nini, na ni nini kingine kilichochanganywa humo?

Nzilani alimtazama mumewe kwa utulivu. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Yeye mwenyewe alikuwa ameuhesabu ule mlango wa bati kila siku.

Muthama aliangalia mikono yake. Mbele yake alikaa pasta aliye mdogo kuliko Mutunga, mtoto wake wa kwanza, na wazee aliokuwa akiwasomea matangazo, na dada yake.

"Tumbo langu halina shida," alisema.

Ilisikika kidogo tu, lakini walisikia.

Syombua aliondoka na Muthama kwenda Zombe siku ya pili yake. Alimfungia nguo zake katika sanduku la bati la reli, naye akafuata, kama ilivyokuwa kawaida yake siku hizo, bila kubisha. Pasta Jonah alisema kanisa litangoja Bwana alete nuru, na kwamba kwa sasa ingefaa Mama Mutunga apumzike na shughuli za mapishi ya kanisa. Hakusema amefukuzwa. Wa ukoo walitaka aape kwa kithitu, kiapo cha wazee wa jadi ambacho mwongo akikila hufa yeye na jamaa yake. Nzilani alikataa kwa sababu ya imani, na Pasta alimtetea kwa hilo. Lakini wasio wa kanisa walisema amekataa kwa sababu anajua.

Mwenye duka alipoulizwa alithibitisha kwamba alimwuzia haluli. Haikusaidia. Watu waliuliza ni nani anayemtilia haluli mtu mzima ambaye mwenyewe amesema haumwi.

Msimu huo Nzilani alijua adhabu ambayo haina mahakama. Aliendelea kukaa kwenye benchi lake la tatu upande wa akina mama, na kila Jumapili benchi lilikuwa na nafasi. Palipokuwa na msiba kwa Nzioka, jirani wa chini, alipika sufuria ya muthokoi kama alivyofanya katika kila msiba kwa miaka thelathini, akaibeba kichwani mpaka pale. Wanawake waliipokea kwa heshima, wakaiweka pembeni karibu na ukuta. Wageni walikula, wakamaliza, wakatafuta zaidi, sufuria ile ikiwa imefunikwa. Jioni aliichukua akarudi nayo nzito vilevile. Alimpa mbwa. Mbwa alikula yote, naye akaketi akimtazama, akajikuta anamshukuru.

Kilichomla zaidi hakikuwa watu. Kilikuwa yale maneno manne. Alijilaza nayo na kuamka nayo. Alijiuliza kama labda ni kweli. Labda tumbo halikuwa na shida, labda alikuwa akikaa kule ndani kwa kutaka utulivu wa peke yake, na yeye Nzilani, kwa kiherehere chake, ndiye aliyemharibu kwa haluli. Aliomba aonyeshwe dhambi yake. Hakuonyeshwa kitu.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja ilikuja barua. Syombua hakujua kuandika. Ilikuwa kwa mkono wa mwalimu wa Zombe, lakini maneno yalikuwa yake, kavu na yaliyopimwa: njoo umwone mtu wako, hata chakula changu hakimalizi.

Nzilani aliisoma mara tatu, maana masomo yake yalikoma darasa la nne na hakutaka kukosea. Kisha akafunga boma, akamwachia jirani mbuzi, akasafiri siku mbili, akilala Kitui kwa binti wa dada yake.

Alimkuta Muthama amekaa nje ya chumba cha nyuma ya soko, shati linampwaya. Alimsalimu. Yeye akajibu, na macho yakashuka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala pajani, lakini haukulala: kidole gumba na cha shahada vilikuwa vikisuguana pole pole, bila kukoma, kama mtu anayepukuchua mahindi, na mkononi hamna mahindi.

Syombua alimpokea bila salamu ndefu. Hakumzuia kuingia jikoni. Alikaa kwenye kigoda akapuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa, na huku akiangalia majivu akaeleza yote. Mwezi wa kwanza alimpikia mwenyewe, mikono yake miwili, hakuna mtu mwingine aliyegusa chungu. Vijiko vitano. Mwezi wa pili alimpeleka kwa mganga mmoja huko milimani, amtapishe kile alicholishwa. Alitapishwa siku tatu. Kilitoka kile alichokula Syombua akikijua, na halafu maji ya njano, na halafu hakuna. Siku tisa baada ya hapo hakuenda choo. Syombua alizihesabu. Nyumba ya kukodi ya sokoni choo ni kimoja na majirani hugonga mlango; hapakuwa na siri.

"Nilitafuta kile ulichomlisha, Mama Mutunga," alisema. "Nimetafuta mpaka karibu nimwue. Sikukipata."

Nzilani alikuwa na maneno mengi aliyoyaweka tangu mwezi wa nane, mengine makali. Alipoyatafuta aliona yule mwanamke ana mikono iliyoungua kwa kupikia mtu asiyekula. Akasema tu kwamba kesho waende hospitali.

Walikwenda watatu. Hospitali ilikuwa mjini Kitui, na daktari aliyewaona aliitwa Salim, mtu mfupi wa kutoka pwani, mwenye Kiswahili laini hata Syombua akasema kwa Kikamba kwamba huyu anazungumza kama anasomea bibi harusi. Daktari hakugusa tumbo kwanza. Alimwambia Muthama atembee mpaka dirishani na kurudi, akaangalia mkono wa kushoto usiopunga. Akamwambia agonganishe vidole. Akampa kalamu aandike jina lake mara tano. Herufi za kwanza zilikuwa kubwa, za nyapara wa kuandika kwenye daftari la zamu. Za mwisho zilikuwa ndogo kama siafu wakielekea shimoni.

Kisha akauliza juu ya haja kubwa. Anakwenda mara ngapi, na tatizo lilianza lini?

Muthama alitazama ukuta. Daktari akasema kwamba kama ni vyema, akina mama wanaweza kungoja nje. Syombua aliinuka tayari. Nzilani hakuinuka. Hakuwa amekata shauri. Miguu ndiyo iliyokataa.

Muthama akasema, "Wakae."

Halafu akamgeukia daktari.

"Ilianza Makindu. Mwaka wa themanini na mbili. Nikijipikia mwenyewe."

Syombua aliketi tena. Alianza kuhesabu kwa vidole, themanini na mbili, themanini na tatu, na alipofika themanini na tano, mwaka ule ndugu yake alipostaafu na kuanza kula kwa mkono wa mkewe kila siku, alikunja vidole vyote na kuviingiza ndani ya leso.

Daktari aliwaeleza pole pole. Huu ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu na ubongo, unaitwa Parkinson, jina la daktari wa zamani aliyeuandika. Mtu hupunguziwa mwendo: mkono, mguu, uso, sauti. Na tumbo nalo lina misuli yake inayosukuma chakula, nayo hupungua mwendo; ndiyo maana anashiba upesi na anafunga choo. Kwa wagonjwa wengi aliowaona, akiwauliza vizuri, hugundua tumbo lilitangulia mkono kwa miaka. Nzilani aliuliza juu ya maharagwe yaliyoungua, na Daktari akasema hata hilo la pua kutosikia harufu amelisikia kwa wagonjwa, ingawa sababu yake hawezi kumwambia. Hakuna aliyemlisha. Haluli haikumdhuru, ila isiwe ya kila siku. Maji mengi, mapapai, njahi, atembee asubuhi, na akae chooni baada ya kitu cha moto bila kuharakishwa. Dawa za kupunguza ugumu na kutetemeka zipo, ataandika barua wazipate Nairobi. Za kuuondoa kabisa hazipo.

Walitoka. Syombua alikwenda kutafuta chai, au alijifanya. Nzilani na mumewe walikaa kwenye benchi la nje, jua likiwapiga magotini.

"Ulijua," Nzilani akasema.

"Nilijua."

"Ukakaa pale, ukaniona nikiulizwa."

Muthama alijaribu mara mbili. "Ningemwambia nini yule kijana? Kwamba mzee wa kanisa... kwamba nyapara hawezi hata..." Hakumaliza. Vidole vyake vilipukuchua.

Nzilani alihisi hasira ikipanda kutoka miguuni, ya moto, ya kumtia hofu, maana hakujua anayo nyingi kiasi hicho. Aliomba kimoyomoyo asimchukie mtu mgonjwa. Alingoja mpaka hasira ilipopungua kidogo ikawa kitu anachoweza kukibeba.

"Mimi nitakuuguza," alisema. "Hiyo niliahidi mbele ya Mungu. Lakini kukusemea siwezi. Nilikusemea mwezi wa nane, hawakuniamini. Ukirudi Kalamba, urudi na mdomo wako."

Safari yote ya kurudi Muthama hakumjibu, na Nzilani hakumkumbusha. Nyumbani alimpikia uji, akamwekea mbele, bila haluli, na kumwambia kwamba hauna haluli. Alikunywa nusu. Krismasi ikapita. Wanawake wa kanisa walipika bila yeye, na yeye alisikia harufu ya pilau kutoka barabarani. Jumapili mbili za mwezi wa kwanza zilikwisha, Muthama ameketi mahali pa wazee mbele, amenyamaza, na kila mtu akitazama mkono wake. Wapo waliosema sasa ndiyo wanaiona kazi ya ile karatasi waziwazi: ameanza kutetemeka.

Syombua alikuja Jumamosi ya tatu, na gunia la ndengu ambalo hakueleza ni la nini. Jumapili alikwenda nao kanisani, akakaa benchi la tatu, karibu kabisa na Nzilani, begani. Baada ya wimbo wa pili Pasta Jonah aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda.

Muthama alisimama.

Ilimchukua muda kufika mbele. Hatua zake zilikuwa fupi, na alipotaka kugeuka awatazame watu aligeuka kwa vipande vipande, kama mtu anayegeuza kabati. Akafungua mdomo. Benchi la kwanza lilisogeza vichwa mbele. La pili halikusikia kitu. Kwa nyuma vijana walianza kunong'ona. Alijaribu tena na mishipa ya shingo ikamtoka, na sauti ilikuwa ileile. Pasta Jonah alitazama huku na huku. Kanisa hilo halikuwa na kipaza sauti, lakini lilizoea wageni wa lugha nyingine, na mgeni akihubiri husimama mtu kando yake akamfasiria sentensi kwa sentensi.

Syombua aliinuka bila kuitwa. Alipita kati ya mabenchi akasimama kando ya ndugu yake, akainamisha kichwa hadi mdomoni pake. Kisha akakinyanyua.

"Anasema, Bwana asifiwe."

Watu wakajibu.

"Anasema, mwezi wa nane mlimwuliza kama tumbo lake lina shida."

Mabati yalisikika juu yakipanuka kwa jua.

"Anasema alisema uongo mbele ya mchungaji."

Syombua akainama tena. Safari hii hakunyanyuka upesi. Alimtazama ndugu yake. Muthama akaitikia kwa kichwa mara moja: lisemwe. Syombua aliyekuja na karatasi ile mezani, sasa kanisa zima lilikuwa likingoja mdomo wake.

"Anasema amefunga choo tangu Makindu. Miaka sita. Akijipikia mwenyewe kule, mke hayupo."

Mtoto mmoja alicheka, akafinywa. Akina mama walitazama sakafu. Pasta Jonah alikuwa ameshika Biblia kifuani kwa mikono miwili. Na Muthama, akishaanza, hakuacha. Alisema ni ugonjwa wa mishipa na daktari ameuandika. Alisema siku tano, wakati mwingine siku saba, wakati mwingine tisa. Alisema alikuwa akikaa kule ndani akilia. Alisema haluli ilimfungua, na alijua kuna mtu aliyemsaidia, na alimjua ni nani, na alinyamaza. Kila kitu Syombua alikitangaza, kwa ile sauti ya sokoni iliyozoea kushindana na malori, mpaka jasho likamtiririka mashavuni, kama ni jasho.

Nzilani alikuwa ametaka hili miezi mitano. Sasa lilipokuja hakuweza kulitazama. Alimwona mtu wake amesimama mbele ya watoto na wakwe zake, anavuliwa nguo kwa mdomo wa dada yake, mkono mmoja ukipukuchua hewa, na bado ameinama kuongeza lingine. Akasimama katikati ya benchi lake.

"Inatosha, Baba Mutunga," alisema. "Wamesikia."

Muthama aligeuza kichwa kumtafuta. Midomo yake ikatikisika.

Syombua, ambaye kwa wakati huo mdomo wake ulikuwa umeshazoea, alilitangaza na hilo kwa kanisa lote.

"Anasema haitoshi!"